Bosi anasema ni "maagizo kutoka juu". Nisaini barua ya kujiuzulu?

SWALI: Wakili, habari za kazi. Mimi ni mhasibu wa kampuni binafsi huku Tanzania Bara, mwaka wa nne sasa. Niliandika kwenye kundi la WhatsApp la mtaani kuhusu chama ninachokiunga mkono, kiongozi mmoja wa wilaya akampigia simu meneja wangu. Meneja anasema hana ugomvi na mimi, ila ni maagizo kutoka juu, nijiuzulu nisiharibu rekodi. Jirani anayejua sheria kanishauri nisaini, nisubiri mambo yapoe, halafu nifungue kesi ya uhuru wa maoni kwa ibara ya 18 ya Katiba. Nifanye nini?

JIBU: Dada, usisaini.

Hayo "maagizo kutoka juu" nayasikia mno, na kinachoniudhi ni mfanyakazi mwenyewe kuyaamini. Anadhani kwa kuwa simu imetoka kwa mkubwa, mwajiri hana kosa. Si kweli. Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 inampa mkuu wa wilaya mamlaka makubwa, hata ya kuamuru mtu awekwe ndani hadi saa 48 amani ikiwa hatarini. Kumfukuza mhasibu wa kampuni binafsi hakumo. Anayekuachisha ni mwajiri, na atakayejibu ni yeye. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinakataza kumbagua mfanyakazi kwa maoni yake ya kisiasa, kimeyataja waziwazi. Kifungu cha 37 kinamtaka mwajiri athibitishe sababu halali na utaratibu wa haki. Simu si sababu, wala si utaratibu.

Ndiyo maana anaitaka barua yako. Akikuachisha, mzigo wa kuthibitisha ni wake. Ukijiuzulu umeubeba wewe: utatakiwa uoneshe kwamba ulilazimishwa, huku saini yako ikisema uliondoka kwa hiari. Mwambie kwa upole akupe barua ya kukuachisha yenye sababu, au akuite kwenye kikao cha nidhamu kwa notisi isiyopungua saa 48. Aliyokwambia yaandike leo hii, umtumie kwa barua pepe.

Sasa huyo jirani. Ibara ya 18 naiheshimu, lakini Mahakama Kuu itauliza kwanza kama huna njia nyingine ya kupata haki, nayo unayo: Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, kwa Fomu Namba 1. Una siku 30 tangu kuachishwa. Ukisubiri mambo yapoe zikapita, utaanza kwa kuomba kuongezewa muda, na sababu ya "nilishauriwa nisubiri" ni dhaifu.

Vishoka wa sheria wamejaa nje ya mahakama na kwenye simu zetu. Wanauza barua za kujiuzulu zilizokwisha kuandikwa, na siku ya usuluhishi huwaoni. Wengine wanawashauri watu watafute mkubwa mwingine ampigie meneja ili warudishwe. Hilo naliogopa kuliko yote, maana meneja anazidi kuzoea kwamba ajira huamuliwa kwa simu, na anayefuata kuitwa ofisini huenda hana mkubwa wa kumtafuta.

Watumishi wa umma na walioko Zanzibar wana sheria zao, wasiyanakili haya. Anayekushauri muulize namba yake ya uwakili. Na kama meneja amekwisha kukuachisha kabla hujasoma jibu hili, hesabu kuanzia siku hiyo, uende ofisi ya CMA ya eneo lako la kazi na mkataba wako, hati za mshahara na ile barua pepe.