Robo, 0.25 na 25%: mchoree visanduku 100

Mwalimu, umeuliza kwa nini mtoto anajua 1/4 na anajua 25%, lakini haoni kwamba ni kitu kimoja. Mara nyingi ni kwa sababu alifundishwa sehemu, desimali na asilimia kama mada tatu mbalimbali, kila moja na kanuni yake. Mchoree mraba wa visanduku 10 kwa 10. Apake rangi robo yake, kisha ahesabu: 25. Hapo hapo aandike 1/4 = 25/100 = 0.25 = 25%, mstari mmoja. Rudieni kwa nusu, 1/5 na 3/4. Kanuni ya kuhamisha nukta ili kugeuza desimali kuwa asilimia isubiri kwanza. Akipewa mapema ataikariri tu, na inaumiza kuona mtoto mwenye akili akikariri asichokielewa.

Halafu mpe 1/8. Atapata visanduku 12 na nusu, na ndipo 12.5% na 0.125 zitamwingia. 1/3 iache mwisho, maana desimali yake haikomi.

Kosa la kuangalia sana ni kuandika 5% kama 0.5. Akilifanya, usimkosoe, apake visanduku 5, kisha umuulize kama hiyo ni nusu ya mraba.