Baiskeli za umeme njiani Raskazone

SWALI: Ndugu Mhariri, kila alfajiri mimi na mume wangu hutembea kando ya bahari, Raskazone, kwa ushauri wa daktari. Siku hizi vijana wenye baiskeli za umeme hutupita kwa kasi bila kupiga kengele, na juzi mmoja alimpiga mzee kikumbo begani, kisha akaenda zake. Tufanye nini?
Bi. Mkubwa, Chumbageni, Tanga

JIBU: Mama, poleni sana. Tanga ni mji wa baiskeli tangu zamani, na ile ya kawaida husikika kwa mnyororo wake. Mota ya umeme karibu haina mlio, hivyo mwenda kwa miguu hushtuka akiwa amekwisha kufikiwa. Kasi nayo si jambo dogo, kwani ikiongezeka mara 2, nishati ya mgongano huongezeka mara 4. Umoja wa Ulaya, kwa mfano, huhesabu kuwa baiskeli ile ambayo mota yake haizidi wati 250 na huacha kumsaidia mpandaji afikapo kilomita 25 kwa saa. Kinachokwenda bila kukanyagwa pedali mimi nakiita pikipiki.

Tembeeni mmoja nyuma ya mwingine, wala msirukie pembeni mnaposhtuka, kwa kuwa huenda mpandaji amekwisha kuchagua kupita upande huohuo. Msijaribu kumzuia kwa bakora, hata mkiwa na hasira ya haki. Andikeni saa, mahali na rangi ya chombo, mkampe mwenyekiti wa mtaa, ambaye aghalabu huwajua vijana hao na wazazi wao. Habari ya aliyemgonga mzee, hata hivyo, ipelekeni kwa polisi wa usalama barabarani.