Kwa mshauri nasaha mpya: lini tabia ya kijana ni ya umri wake, na lini anahitaji msaada

Mara tu utakapoanza kazi ya ushauri nasaha kwa vijana, wazazi na walimu wataanza kukuletea swali lile lile kwa sura nyingi: je, hii ni tabia ya umri wake tu, au mtoto anaumwa? Nimeishughulikia kazi hii kwa muda mrefu, na jambo ninalotaka ulishike kabla ya mengine ni kwamba kijana hapimwi kwa kulinganishwa na wenzake, wala na jinsi sisi watu wazima tulivyokuwa katika umri wake. Kipimo chake ni yeye mwenyewe, kama alivyokuwa miezi michache iliyopita.

Ili kipimo hicho kikufae, lazima kwanza uyafahamu vizuri mambo ya kawaida ya balehe. Kijana hujifungia chumbani, hubishana na wazazi kwa jambo dogo, huwaza mno juu ya namna wenzake wanavyomwona, na huweza kucheka asubuhi na kununa jioni bila sababu anayoweza kuieleza. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayohusika na kupanga mambo, kupima matokeo na kujizuia, huendelea kukomaa hadi mtu anapofikia katikati ya miaka ya ishirini, wakati hisia na hamu ya mambo mapya huwa zimekwisha kupamba moto mapema zaidi. Hata usingizi wake hubadilika, kwa sababu homoni ya melatonini, inayouandaa mwili kulala, huanza kutoka usiku kwa kuchelewa kuliko utotoni, ilhali bado anahitaji kulala saa 8 hadi 10. Kwa hiyo kijana anayekesha na kushindwa kuamka mapema asiitwe mvivu, na asiitwe mgonjwa kwa sababu hiyo pekee.

Mzazi anapokueleza malalamiko yake, muulize hali hiyo imedumu kwa muda gani, inajitokeza nyumbani tu au pia shuleni na kwa marafiki, na zaidi ya yote, kijana amepoteza nini. Swali hili la mwisho ndilo ninalolitegemea kuliko yote. Tuseme vijana wawili wameacha mpira waliokuwa wakiupenda. Wa kwanza amehamia kwenye muziki, ana marafiki wapya ambao mama yake hawapendi, anakula, anacheka, na masomo yake yameyumba kidogo tu. Wa pili ameacha mpira na hakuna kilichochukua nafasi yake. Simu za marafiki hazipokei, chakula hakimvutii, haogi mpaka asukumwe, na madaftari yake yana kurasa tupu. Wa kwanza anakua, hata kama ukuaji wake unawaudhi wakubwa. Wa pili maisha yake yanapungua, na huyo ndiye wa kufuatiliwa.

Madaktari wanapochunguza sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito na kupoteza hamu ya mambo, huangalia iwapo dalili zimekuwapo kwa muda usiopungua wiki 2, sehemu kubwa ya siku na karibu kila siku. Hapa washauri wengi wapya hukosea kwa kutafuta machozi, ilhali kwa vijana sonona mara nyingi hujitokeza kama hasira, ukali na kuchoshwa na kila kitu. Mwanafunzi aliyeitwa mkorofi kwa muhula mzima huenda amekuwa mgonjwa muda wote huo, na adhabu alizopewa zimemthibitishia kile alichokuwa akikifikiri tayari, kwamba hana thamani.

Ninawahofia zaidi wale wasioletwa kwako. Walimu huwapeleka kwa mshauri wanafunzi wanaovuruga darasa, na ni haki yao, lakini mtoto mwenye wasiwasi mkubwa huwa mtulivu, mtiifu na mwenye daftari safi. Utamtambua kwa maumivu ya tumbo au ya kichwa yanayomjia siku za shule na kutoweka wakati wa likizo, kwa kazi anayoifuta na kuiandika upya mara nyingi kwa hofu ya kosa dogo, au kwa msichana anayekwepa kula mbele ya wenzake huku akizidi kukonda. Nguo za mikono mirefu wakati wa joto kali nazo zinastahili kuulizwa kwa upole, kwa kuwa wapo wanaoficha majeraha waliyojitia wenyewe.

Kabla ya kuhitimisha kwamba tatizo liko akilini mwa kijana, chunguza yanayomzunguka. Anayepigwa nyumbani, anayedhulumiwa kingono au anayenyanyaswa na wenzake anaweza kuonyesha dalili zote nilizozitaja, na kwake hatua ya kwanza ni ulinzi. Aliyefiwa anahitaji muda na watu wa kukaa naye. Upungufu wa damu, matatizo ya tezi la shingo na matumizi ya dawa za kulevya huweza pia kuleta uchovu na mabadiliko ya hisia, ndiyo maana uchunguzi wa kawaida wa mwili hauepukiki. Kijana anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au anayeamini kwa uthabiti kwamba watu wanamfuatilia ili wamdhuru, apelekwe kwa daktari bila kuchelewa.

Muda wa wiki 2 hauna nafasi pale kijana anapozungumzia kifo, anapogawa vitu anavyovithamini au anapoaga watu kwa namna isiyo ya kawaida. Muulize waziwazi kama amefikiria kujiua. Kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Wengi hupata nafuu kwa kuona kwamba yupo mtu anayeweza kulisikia. Akikubali, asiachwe peke yake, vitu anavyoweza kuvitumia kujidhuru viondolewe karibu naye, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Usimwahidi kijana yeyote tangu mwanzo kwamba utatunza kila siri yake. Mweleze mapema kwamba siri inayohatarisha uhai hutaitunza peke yako.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana 1 kati ya 7 wenye umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Idadi hiyo ni kubwa mno kupuuzwa, lakini walio wengi hawamo ndani yake, na jina la ugonjwa likitamkwa ovyo humganda mtoto kwa miaka. Kwa hiyo unapoandika barua ya rufaa, usiandike kwamba ana sonona. Eleza ulichokiona na ulichoambiwa: tangu lini amebadilika, analala na kula vipi, ameacha nini, amesema nini kwa maneno yake mwenyewe, na nani nyumbani anafahamu. Daktari atakayempokea ataanzia hapo.