Kijana akisema tumbo la chini linamuuma, usimchemshie mizizi

Dada, huyo mtoto asisubiri likizo ya Juni. Umeandika kwamba kijana wako wa miaka 14, kidato cha pili, anashikwa usiku na maumivu ya tumbo la chini mpaka anatoka jasho, kisha yanaachia yenyewe; kwamba jirani kakuambia ni ngiri, na kuna mzee mnadani ana mizizi. Umeuliza pia kuhusu chunusi, kujifungia chumbani na shule ya bweni. Mimi nimeishia kwenye mizizi.

Muulize tumbo lipi. Kama anakuonea haya, mjomba wake amuulize wakiwa wawili tu, tena bila kuzungukazunguka: ni korodani? Mvulana wa umri huo hasemi. Mimi nilisema tumbo. Nilikuwa nakaa kwa baba mdogo, kijiji kimoja cha Bahi. Sisi Wagogo tukishatoka jando tunajua mwanamume halii, na mle ndani alikuwepo shangazi na mabinti zake. Maumivu yaliniamsha ghafla, nikatapika, upande mmoja umevimba na kupanda juu, nami nasema tumbo.

Asubuhi akaitwa muuza dawa, yule wa kipaza sauti, ambaye chupa moja inatibu ngiri, chango, kisukari na mikosi. Hakuniangalia wala hakunigusa. Aliuliza kama nasikia kuvutwa kinenani, akasema ngiri, akapokea hela, kisha akamwonya baba mdogo kwamba nikichomwa sindano itapanda moyoni. Kwa neno hilo nililazwa mkekani nanyweshwa maji machungu huku kila saa inayopita inanipunguzia nafasi ya kupona. Tulipofika mjini daktari hakuwa na cha kuokoa. Korodani ilishakufa, ikatolewa. Yule mtu bado nina hasira naye, na wenzake wapo kila mnada, wanauza dawa kwa watoto wa watu ambao hawajawavua hata suruali kuwaangalia.

Kinachotokea ni hiki. Korodani inaning'inia kwenye kamba yenye mishipa ya damu. Kamba ikijisokota, damu inakatika. Inawapata zaidi wavulana wa miaka 12 hadi 18, na inaweza kuanza akiwa usingizini au uwanjani. Akifika kwenye upasuaji ndani ya saa 6 tangu maumivu yaanze, mara nyingi inaokolewa. Zikipita saa 24, mara nyingi imekwenda. Hakuna mzizi unaosokotoa kamba hiyo. Na hata kama kweli ni ngiri, ngiri iliyonasa nayo inataka kisu haraka.

Haya ya mwanao kuja na kuachia ndiyo yanayonitisha. Kamba inaweza kujisokota na kujifungua yenyewe mara kadhaa kabla ya usiku ambao haitajifungua. Kwa hiyo hata kama leo anacheza mpira, mpeleke kesho, hospitali ya mkoa au ile hospitali ya Benjamin Mkapa hapo Dodoma, umweleze daktari maneno hayohayo: yanakuja ghafla, yanaachia. Wakikuta ndiyo hiyo, wanazishona zote mbili zisizunguke tena. Na yakimshika usiku kabla hujampeleka, tafuta bodaboda, bajaji, gari la jirani, chochote kinachotembea. Usimpe chai wala uji njiani, maana huenda akaingia chumba cha upasuaji moja kwa moja. Usipitie duka la dawa kununua vidonge vya maumivu ukaangalie kama atapata nafuu.

Mwambie pia, kwa sababu najua ndicho anachokiogopa na hatakuuliza: hata ikitolewa moja, iliyobaki inatosha. Mimi nina watoto. Laiti mtu angeniambia hivyo nilipokuwa kidato cha pili. Niliacha kuoga na wenzangu, nikaacha mpira, nikakaa peke yangu, watu wakasema nimekuwa na kiburi. Huenda huko kujifungia chumbani kwa mwanao ni balehe tu. Huenda pia anajiangalia mwilini na hana wa kumuuliza.

Chunusi aoshe uso kwa sabuni ya kawaida, asizitumbue. Shule ya bweni usimpeleke kabla hajaonwa na daktari, maana usiku wa bwenini mvulana anayeumwa sehemu hiyo hatamwamsha mtu yeyote.