Kabla ya kununua mageti ya kengele, uliza masafa ya mawimbi

Nina duka la nguo Moshi, si mbali na stendi. Nilipochoka kupoteza jinzi na mashati, nilinunua mageti mawili ya mtumba, yale yanayosimamishwa mlangoni yakalia mtu akipita na nguo ambayo hajailipia. Vifungo vya kubana kwenye nguo nikavifuata Arusha kwa muuzaji mwingine, maana bei yake ilikuwa nafuu.

Fundi alipomaliza kufunga nilichukua shati lenye kifungo, nikapita. Kimya. Nikapita tena nimelinyanyua juu. Kimya.

Fundi akakipasua kifungo kimoja kwa bisibisi. Ndani mlikuwa na waya mwembamba wa shaba uliozungushwa mara nyingi, umeungwa na kapasita ndogo, kile kifaa cha kuhifadhi chaji ya umeme. "Mama, hiki ni cha megahezi 8.2," akaniambia. "Mageti yako ni ya kilohezi 58. Hayawezi kusikilizana."

Mageti ya 58 hutafuta kijipande cha chuma maalumu kinachotetemeka kwa usumaku. Geti hurusha wimbi kwa kitambo kidogo, hunyamaza, kisha husikiliza kama kuna kitu bado kinatetemeka. Waya wangu wa shaba haukuwa na la kujibu. Kwa hiyo bei iwe swali la pili. La kwanza ni masafa, yaani wimbi linatetemeka mara ngapi kwa sekunde, ile 8.2 au 58. Na kizimio cha kaunta, kile cha kuzima alama mteja akishalipa, nacho kiendane: vibandiko (alama za kubandika badala ya vifungo) vya 8.2 huzimwa kwa kuunguza kapasita yake, vya 58 kwa kuondoa usumaku. Ukiuza vitu vya makopo au vyenye karatasi ya foili, 58 huhimili chuma vizuri zaidi. Vya 8.2 ni vyembamba kama karatasi, vinakaa vizuri kwenye maboksi.

Kuna jambo linaloniuma mpaka leo. Baada ya kubadilisha vifungo, kengele ililia bibi mmoja akiingia. Akiingia, jamani, si akitoka! Kijana wangu akaukamata mkoba wake mbele ya watu. Ndani mlikuwa na boksi la losheni aliyoinunua kwingine, kibandiko chake cha 58 hakikuzimwa. Nilimwomba radhi, lakini macho yake yalikuwa yamejaa machozi. Sasa hakuna anayegusa mkoba wa mteja dukani kwangu. Tunasema, "Shikamoo mama, samahani, huenda kuna kibandiko hakijazimwa, tukusaidie kukizima."

Wengi huniuliza kuhusu lebo za kuhesabia mzigo. Hizo ni habari nyingine: zina chipu yenye namba, nyingi hutumia megahezi 860 hadi 960, na kisomeo husoma lebo nyingi kwa mpigo bila kufungua boksi. Lakini Ulaya hutumia zaidi 865 hadi 868 na Marekani 902 hadi 928, basi usiagize kisomeo kwa kuona picha tu. Waulize TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, kwanza masafa yanayoruhusiwa hapa. Maji na chuma huzisumbua lebo hizi, mwenye duka la soda na sabuni za maji ajue hilo. Kwa duka la ukubwa wa langu, daftari linatosha.

Ukishapata mageti, yajaribu dukani kwako, vifaa vyote vya umeme vikiwa vimewashwa. Yangu yalikuwa yakilia ovyo kila jioni bila mtu kupita. Tulizima kifaa kimoja kimoja mpaka tukafika kwenye adapta ya taa za dirishani. Tulipoibadilisha, kengele ikatulia.