Maswali na Majibu: Gesijoto Zinazotoka Kwenye Maziwa ya Kijani

Maswali ya safari hii yanahusu gesijoto, yaani gesi zinazonasa joto la dunia, zinazotoka kwenye maziwa yaliyojaa virutubisho vya fosforasi na naitrojeni kutoka kwenye mbolea, kinyesi cha mifugo na maji taka, hadi maji yakageuka kijani. Naanza na lile linalowapotosha wengi.

Mwani hufyonza hewa ukaa kama majani ya miti. Kwa hiyo ziwa la kijani si linatusaidia?

Mchana, ndiyo. Jua likiwaka mwani hufyonza hewa ukaa nyingi, na anayepima saa sita mchana anaweza kuondoka akilisifu ziwa. Usiku mwani na bakteria hupumua, na sehemu ya hewa hiyo hurudi ilikotoka. Hasara kubwa zaidi iko chini. Mwani hauishi siku nyingi: hufa, huzama, na bakteria wanaouozesha humaliza oksijeni ya kule chini. Oksijeni ikiisha, kazi hushikwa na vijidudu viitwavyo arkea, na hivyo ndivyo vinavyotoa methani. Mwani ni laini, hauna nyuzi ngumu, kwa hiyo huoza upesi kuliko majani makavu yanayosombwa na mito.

Tufanye hesabu. Kwa mujibu wa ripoti ya mwaka 2021 ya IPCC, jopo la kimataifa la wataalamu wa mabadiliko ya tabianchi, kilo moja ya methani huongeza joto la dunia mara 27 hivi kuliko kilo moja ya hewa ukaa katika miaka 100. Ukipima kwa miaka 20, ni kama mara 80. Sasa chukua kilo 44 za hewa ukaa zilizofyonzwa na mwani. Moja ya kumi tu ya kaboni hiyo ikitoka kama methani, utapata kilo 1.6, na kilo hizo 1.6 zina nguvu ya kilo 43 za hewa ukaa. Faida karibu yote imekwisha, hata kama kaboni iliyobaki imelala salama kwenye tope. Ndiyo maana siikubali kabisa hoja ya kuliacha ziwa lichafuke eti litunze kaboni.

Nikikanyaga tope kando ya ziwa viputo vinapanda. Ni methani hiyo?

Mara nyingi ndiyo, ikichanganyika na gesi nyingine. Mwaka 1776 mwanasayansi Alessandro Volta aliikusanya vivyo hivyo kwenye Ziwa Maggiore, Italia: alikoroga tope na kuinasa gesi iliyopanda. Methani haiyeyuki sana majini, kwa hiyo ikizidi kwenye tope hujikusanya kuwa viputo. Ile iliyoyeyuka hupanda polepole, na bakteria wa tabaka lenye oksijeni huila sehemu kubwa kabla haijafika juu. Kiputo hakiwapi nafasi hiyo, hasa penye kina kifupi. Viputo pia havitoki sawasawa. Kanieneo ya hewa ikishuka, kwa mfano, hutoka kwa wingi. Anayechota chupa moja ya maji na kwenda zake maabara atavikosa. Hupimwa kwa faneli zilizopinduliwa na kuachwa majini kwa muda mrefu. Tafadhali usijaribu kuiwasha gesi hiyo, kwani hushika moto.

Je, naitrojeni nayo hutoa gesi?

Hutoa gesijoto iitwayo naitrasi oksaidi, bakteria wanapoibadilisha naitreti, yaani naitrojeni iliyoungana na oksijeni. Katika maziwa mengi mchango wake ni mdogo kuliko wa methani, lakini kilo kwa kilo ina nguvu mara 273 ya hewa ukaa.

Huko mbele hali itakuwaje?

Mwaka 2019 wanasayansi Jake Beaulieu, Tonya DelSontro na John Downing walikadiria kwamba kuongezeka kwa virutubisho kunaweza kupandisha methani ya maziwa na mabwawa kwa asilimia 30 hadi 90 katika karne hii. Joto nalo huharakisha kazi ya arkea, na maji ya juu yakiwa moto hayachanganyiki kwa urahisi na ya chini, kwa hiyo oksijeni haishuki.

Ziwa Kivu lina methani nyingi. Ni tatizo lile lile?

Hapana. Kivu ina kilomita za ujazo 60 hivi za methani, lakini imeyeyuka kwenye maji mazito ya vilindi yasiyochanganyika na ya juu, na inayoponyoka kupitia uso wa ziwa ni kidogo. Rwanda huitoa na kuzalishia umeme.

Tulizuia maji taka yasiingie, lakini ziwa letu bado ni kijani. Tumekosea wapi?

Hamjakosea. Mwaka 1973, kule Ontario, Kanada, mwanasayansi David Schindler na wenzake waligawa Ziwa 226 kwa pazia. Upande mmoja walitia kaboni na naitrojeni. Upande wa pili walitia hizo hizo pamoja na fosforasi. Upande wa fosforasi ndio uliogeuka kijani. Kuzuia fosforasi ndiyo njia, ila fosforasi ya zamani hukaa kwenye tope, na oksijeni ikiisha huachiliwa tena majini.

Ziwa Washington, Seattle, lilipona ndani ya miaka michache baada ya maji taka kuelekezwa kwingine kati ya 1963 na 1968, kwa sababu lina kina kirefu na maji yake hubadilika upesi. Ziwa Trummen la Uswidi, lenye kina kifupi, lilibaki chafu zaidi ya miaka kumi baada ya maji taka kuzuiwa, mpaka tope la juu liliponyonywa mwaka 1970 na 1971. Kama lenu ni la kina kifupi, pimeni fosforasi ya tope kabla ya kukata tamaa au kutumia fedha.

Tukivuna magugu maji, yarundikwe ufukweni?

Hapana. Yakioza hapo, virutubisho vitarudi majini na mvua ya kwanza, na katikati ya rundo methani itatoka pia. Yapelekeni mbali na maji, yatengenezwe mboji inayogeuzwa mara kwa mara ipate hewa, au yatiwe kwenye mtambo wa bayogesi uliofungwa vizuri. Na vuneni yakiwa bado mabichi, kabla hayajazama.