Usizitenge barua za biashara na za nyumbani

Ukirithi sanduku la karatasi za ukoo, hasa sisi watu wa Unguja na mwambao, utatamani kwanza kuzipanga: za salamu huku, za madeni na karafuu kule. Ziache kama zilivyo. Mfanyabiashara wa karne ya 19 hakuwa na barua za aina mbili. Katika karatasi zetu, nyingi za Kiarabu na chache za Kiswahili kwa hati ya Kiarabu, barua huanza kwa salamu ndefu, ikaingia kwenye frasila (kipimo cha uzito) za pembe za ndovu na reale, yaani sarafu za fedha, zilizobaki. Kisha pembeni, mistari ikipindwa kwa kukosa nafasi, ndipo unapokuta nani kajifungua, nani kaachwa, nani kafa. Shangazi alitaka tuzichome zile za madeni. Humo ndimo nilimopata jina la mke ambaye nyumbani hakuna aliyewahi kumtaja.

Tarehe zina kazi yake. Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, basi tumia jedwali la kubadilishia, usikisie. Kumbuka pia kuwa siku huanza magharibi: usiku wa Ijumaa ni Alhamisi baada ya jua kuchwa. Barua yetu moja ya Rabiulawali 1289 inalia mikarafuu iliyong'oka na kuomba deni lisogezwe. Hiyo ni Mei 1872, muda mfupi baada ya kile kimbunga cha Aprili kilichofyeka mashamba ya Unguja. Hapo nikaelewa kwa nini shamba liliwekwa rehani. (Ukikuta reale sandukuni, mwaka wake usiutegemee, za Maria Theresa zimeandikwa 1780 hata zilizopigwa miaka mingi baadaye.)

Msomaji hodari wa Kiarabu anaweza kukwama kwenye Kiswahili, kwa sababu herufi be ileile huwa b, p au mb. Asome kwa sauti mbele ya mzee anayejua majina ya watu na mashamba yenu.

Wino wa masizi hutoka kwa maji, kwa hiyo usipanguse kwa kitambaa kibichi. Selotepu, hata kidogo. Piga picha pande zote mbili: barua nyingi zilikunjwa bila bahasha, na anwani iko mgongoni. Na kama nyumba inavuja, zungumza na watu wa Nyaraka za Taifa pale Kilimani kabla ya masika.